Likizo ya familia Unguja: mwezi wa kwenda, ufukwe wa kukaa na mambo ya kulipia kwanza

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Dodoma pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine 7. Kwa muda mrefu tumekuwa tukiweka akiba kidogo kidogo ili tukapumzike Zanzibar kwa wiki moja, na tungependa kumchukua na mama yangu mzazi. Ana miaka 70, anatumia dawa za presha, hajawahi kupanda boti na kwa kweli anaiogopa. Nafasi tunayopata ni likizo ya Juni au ya Desemba tu. Wengine wanatuambia twende Paje, wengine Nungwi, na kila mmoja anasifia kwake. Twende lini, tukae wapi, na tuanze kulipia nini ili tusije tukajuta?

Jibu: Mwalimu, umefanya vizuri kutaja mambo ambayo wasafiri wengi huyanyamazia mpaka wafike bandarini, yaani umri wa mama, dawa zake, hofu yake na likizo zenu zisizoweza kusogezwa. Kwa taarifa hizo naweza kukujibu waziwazi. Nendeni katikati ya mwezi wa Juni, fikieni Kendwa au upande wa magharibi wa Nungwi kwa siku za ufukweni, malizieni kwa siku mbili Mji Mkongwe, na kabla hamjalipa hata shilingi moja ya chumba, angalieni kalenda ya mwezi wa angani. Nitaeleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa ukizijua utaweza kuamua mwenyewe pale mipango itakapolazimika kubadilika.

Watu wengi wa bara huanza kuipanga safari ya Unguja kwa kutafuta hoteli. Wanaona picha ya maji maangavu yaliyogusa ngazi za baraza, wanaulizia bei, wanatuma malipo ya awali, kisha wanafika saa nne asubuhi na kukuta bahari imejivuta karibu kilomita nzima, watoto wamekwisha kuvaa nguo za kuogelea na pa kuogelea hapapo mpaka alasiri. Lawama zote humwangukia mwenye hoteli, ilhali picha ile ni ya kweli, ila ilipigwa saa ya maji kujaa. Unguja ni kisiwa ambacho bahari ndiyo inayopanga ratiba: upepo huamua msimu na pwani ya kukaa, nayo maji kujaa na kupwa huamua saa za kila siku. Mambo haya mawili yanajulikana miezi mingi kabla, na kuyajua hakugharimu chochote.

Nianze na upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi, na huja na joto. Kusi hushika baada ya hapo, huwa na nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, na huja na hewa ya ubaridi kiasi. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Desemba. Ukiziweka likizo zenu juu ya majira haya, utaona kwamba likizo ya Desemba huanza vuli ikiwa bado haijaaga, kisha huingia moja kwa moja katika Krismasi na Mwaka Mpya, wakati ambapo vyumba vya Unguja hupanda bei kuliko wakati wowote wa mwaka na hata vile vya bei ya kawaida hujaa mapema. Joto nalo huwa la jasho, mchana na usiku. Mama wa miaka 70 aliyezoea hewa kavu ya Dodoma na ubaridi wake wa usiku atachoka bure, na mtu akichoka kwa joto hata chakula hakimpiti.

Juni ni tofauti. Wiki ya kwanza masika yanaweza kuwa yameacha mkia wa manyunyu, lakini kuanzia katikati ya mwezi anga hutulia, mchana joto huwa la wastani na usiku mtu hulala vizuri. Zaidi ya hayo, wageni wengi wa Ulaya huanza kumiminika Julai na Agosti, shule zao zinapofungwa, kwa hiyo wiki za katikati na mwishoni mwa Juni huwa na nafasi na bei inayozungumzika. Kasoro ya Juni ni moja, nayo ni kubwa kiasi cha kuhitaji kupangiwa: kusi huichafua bahari ya mkondo wa Zanzibar, yaani ile iliyo kati ya bara na Unguja, na huipiga pwani ya mashariki kwa nguvu. Ndiyo maana nimekutajia Kendwa na si Paje.

Pwani ya mashariki, yaani Matemwe, Kiwengwa, Paje, Bwejuu na Jambiani, ina mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufukwe, na kati ya mwamba na nchi kavu pana eneo pana lenye kina kifupi sana. Maji yakipwa, eneo hilo hubaki mchanga, madimbwi na majani ya bahari. Ni pwani nzuri mno kwa macho na kwa kutembea, na Juni upepo wake huwafurahisha wale wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara, ambao hujazana Paje kwa sababu hiyohiyo. Lakini kwa mtoto wa miaka 7 anayetaka kuoga baharini asubuhi na jioni, na kwa bibi anayetaka kukaa chini ya mwavuli bila mchanga kumwingia machoni, sipendekezi ufukwe wa mashariki mwezi wa Juni. Kendwa iko kaskazini-magharibi, kisiwa chenyewe kinaikinga na kusi, na sakafu ya bahari pale huteremka haraka zaidi, hivyo maji ya kuogea hupatikana takriban saa zote za mchana. Nungwi iko juu yake kidogo na ina pande mbili zisizofanana: upande wa magharibi hufanana na Kendwa, upande wa mashariki hupigwa upepo na hukaukiwa maji. Kwa kuwa hoteli za pande zote mbili hujitangaza kwa jina moja la Nungwi, unapopiga simu uliza swali moja tu lisilo na kona: jua likizama, linaonekana kutoka ufukwe wenu? Wakijibu ndiyo, mko upande mnaoutaka.

Sasa nije kwenye maji kujaa na kupwa, ambako watu wa bara hupotelea zaidi. Kwa siku moja bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvu: maji hujaa sana na hukauka sana, na tofauti ya kina bandarini Unguja huweza kufikia mita 4 hivi. Mwezi unapokuwa nusu, huwa ni maji mafu, ambapo hayajai sana wala hayakauki sana. Jambo linalosaidia ni kwamba katika pwani yetu saa hizo hazibahatishwi. Siku za bamvu maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hukauka kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji huwa yamejaa mnamo saa nne asubuhi na yamepwa mnamo saa kumi alasiri.

Kwa hiyo huhitaji chombo chochote cha kitaalamu. Kalenda nyingi za ukutani huonyesha tarehe za Kiislamu pembeni mwa zile za kawaida. Tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu zikukumbushe bamvu, tarehe 7 au 8 na tarehe 22 au 23 zikukumbushe maji mafu, na hapo utakuwa umeshajua saa za kuogelea bila kumuuliza mtu. Kwa familia yako ningechagua kufika Kendwa mnamo tarehe 20 ya mwezi wa Kiislamu, au siku yoyote ya katikati ya Juni iliyo karibu na hapo kadiri kalenda ya shule inavyoruhusu. Siku zenu za ufukweni zitaangukia maji mafu, watoto wataoga asubuhi maji yakiwa yamejaa na kutulia, na jua linapokuwa kali mtakuwa mmerudi kivulini. Pana faida nyingine ndogo: Kendwa hufanyika sherehe kubwa za muziki za usiku, siku za karibu na mwezi mpevu, na muziki huo hausikilizani na usingizi wa mtu mzima. Tarehe 20 mtakuwa mmeshazikwepa.

Kama watoto watatamani kuuona upande wa mashariki, na ni vizuri wauone, wapelekeni kwa siku moja wakati mkiwa Mji Mkongwe, kwa kuwa kutoka mjini hadi Paje ni mwendo wa karibu saa moja kwa gari. Mkipanga kama nilivyosema, siku zenu za mwisho zitakuwa zinaelekea bamvu na asubuhi maji yatakuwa yamekauka. Hapo ndipo wanawake wa Paje na Jambiani wanaposhuka kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara huku mwaka 1989. Watoto wataona vigingi vifupi vilivyopigwa katika mistari, kamba zilizonyooshwa kati yake, na kwenye kila kamba vishada vya mwani vilivyofungwa kimoja kimoja kwa mkono. Wafundishe mapema kwamba lile ni shamba la mtu, kwa hiyo hawakanyagi kamba, na kwamba mama anayefunga mwani hapigwi picha kabla ya kuombwa ruhusa.

Katika matembezi hayo pana hatari moja ambayo lazima niieleze kwa uwazi. Maji yanaporudi hayaji kama ukuta kutoka mwambani. Huanza kujaza mifereji na mabonde ya chini, na baadhi ya mabonde hayo yako karibu na ufukwe, nyuma ya mgongo wa mtu aliyekwenda mbali. Mtu anaweza kuwa amesimama kwenye fungu kavu la mchanga akiangalia samaki wadogo dimbwini, huku njia aliyojia imeshafika magotini, na baada ya muda kidogo kiunoni. Kwa mtu mzima huo ni usumbufu, lakini kwa mtoto wa miaka 7 aliyekulia Dodoma ni hatari ya kweli. Ulizeni wenyeji saa ya mwisho wa maji kupwa, tokeni kabla yake, na saa hiyo ikifika geuzeni kurudi hata kama watoto wanalalamika. Vaeni viatu miguuni, yeboyebo za kufunga kisigino zinatosha kabisa, kwa sababu mabonde hayo yana viumbe weusi wa duara wenye miiba mirefu inayokatikia ndani ya nyama.

Nije kwa mama na boti. Hofu yake si ya kudharauliwa wala ya kuchekwa. Watu wazima wanakumbuka MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit iliyozama Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na waliopoteza ndugu wapo mpaka leo. Msimwambie kwamba hakuna kitu. Mwambieni mtakachofanya: mtapanda boti kubwa ya kisasa yenye mwendo wa kasi, inayovuka kwa takriban saa mbili, mtasafiri asubuhi kabla kusi haijachangamka, na mtafuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutangaza tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Siku tahadhari ikitolewa au boti zikazuiwa, hamvuki, mnasubiri kesho yake. Ili ahadi hiyo iwe ya kweli, ratiba yenu lazima iwe na siku moja ya ziada upande wa kurudi kabla hamjatakiwa kazini. Mkifika ndani, tafuteni viti vya sakafu ya chini, katikati au nyuma, ambako mtikiso ni mdogo, na mwonyesheni mama mahali yalipo majaketi ya kujiokolea na namna yanavyovaliwa. Mtu mwenye hofu hutulia anapojua la kufanya.

Kuhusu kichefuchefu, dawa zake husaidia zikimezwa kabla ya kupanda boti, si baada ya tumbo kuanza kuvurugika. Lakini kwa mama anayetumia dawa za presha, msinunue kwa kubahatisha dirishani. Mwendeeni daktari au mfamasia wenu wa Dodoma na orodha ya dawa zake zote, mwulizeni ipi inafaa, na kama inaleta usingizi mjue mapema. Asubuhi ya safari ale kidogo, chakula kikavu kisicho na mafuta. Nikutahadharishe pia kwamba wakati wa kusi safari ya kurudi Dar, ambapo boti inakabiliana na mawimbi, ndiyo huwa na mtikiso zaidi, kwa hiyo boti ya kurudi nayo iwe ya asubuhi. Na kama baada ya mazungumzo yote mama bado anasema roho yake haitaki, mpandisheni ndege pamoja na mmoja wenu kutoka Dar es Salaam. Ni kama dakika 20 tu angani. Gharama itaongezeka, lakini kumlazimisha mzazi avuke akitetemeka kutaiharibu likizo yenu nzima.

Kutoka Dodoma nashauri treni ya SGR, ambayo imeifanya safari hii iwe rahisi kwa mtu wa umri wake kuliko saa nyingi za kukaa ndani ya basi. Msijaribu kuunganisha treni na boti siku moja. Fikeni Dar leo, laleni kwa ndugu au kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na bandari, vukeni kesho asubuhi. Tiketi ya boti inunuliwe kwenye ofisi au mtandao wa kampuni yenyewe, kamwe si kwa kijana anayekufuata barabarani akisema ofisi imefungwa. Kila mtu mzima awe na kitambulisho chake cha taifa mkononi, na watoto wawe na nakala za vyeti vya kuzaliwa, kwa sababu nauli ya Mtanzania ni tofauti na ya mgeni na nauli ya mtoto ni tofauti na ya mtu mzima. Mkishuka bandarini Malindi mtazungukwa na wale wanaoitwa papasi, kila mmoja akitaka kuwapeleka hotelini kwake. Jibuni kwa upole kwamba mmeshapata mwenyeji, kisha muelekee kwa dereva mliyemwandaa kupitia hoteli na ambaye bei yake mmekubaliana kabla ya kuondoka Dodoma. Kutoka hapo hadi Kendwa ni kama saa moja na nusu.

Umeuliza mwanze kulipia nini. Utaratibu wangu ni huu: amueni tarehe kwa kufuata mwezi, shikeni chumba, kisha treni, kisha boti, na matembezi yote yalipiwe mkiwa hukohuko. Mnapozungumza na hoteli, jambo la kwanza kusema ni kwamba ninyi ni Watanzania na mnaomba bei ya wakaazi, kwa maana hoteli nyingi wanayo ingawa haiandikwi kwenye matangazo. Pili, ulizeni kama bei hiyo imejumuisha kodi na tozo zinazolipwa kwa kila mtu kwa kila usiku, kwa sababu watu watano kwa siku kadhaa si kiasi cha kupuuza. Tatu, chumba cha mama kiwe cha chini, na choo chake kisiwe na kizingiti kirefu. Nne, ulizeni njia ya kufika ufukweni, kwani baadhi ya maeneo ya Nungwi yamejengwa juu ya jabali na ngazi zake ni kali. Tano, ombeni video fupi ya chumba chenyewe iliyopigwa siku hiyohiyo. Mwenye hoteli ya kweli hapati taabu kuituma.

Malipo ya awali yapite kwenye lipa namba au akaunti ya benki yenye jina la hoteli. Ukitumiwa namba ya simu ya mtu binafsi na maelezo kwamba mfumo una tatizo, acha, hata kama bei inavutia, na ipigie hoteli kwa namba nyingine uliyoipata mahali tofauti. Matapeli huiga kurasa za hoteli kwa ustadi mkubwa, na wanaoumia ni familia kama yenu zinazolipa kwa akiba ya muda mrefu. Lipeni sehemu tu ya gharama, mpewe risiti inayotaja tarehe, idadi ya watu na masharti ya kurudishiwa fedha iwapo bahari itawazuia kuvuka.

Mizigo iwe michache. Dawa za mama zikae kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa za siku nyingi kuliko za safari na ndani ya pakiti zake, pamoja na karatasi yenye majina na vipimo vyake. Kama ana kadi ya bima, pigeni simu kwa mfuko wenyewe kabla ya kuondoka ili mjue ni hospitali ipi ya Unguja itakayompokea kwa kadi hiyo. Mjini kuna Hospitali ya Mnazi Mmoja, na upande wa kaskazini mtakakokuwa kuna Hospitali ya Kivunge. Malaria Unguja imepungua sana lakini haijaisha, kwa hiyo chandarua kishushwe kila jioni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku bara na Zanzibar. Kuhusu mavazi, ufukweni hapana tatizo, ila mnapotoka na kupita kijijini au mjini mabega na magoti yafunikwe. Kanga mbili za ziada zitamaliza suala hilo.

Siku za Mji Mkongwe zinahitaji busara ya miguu. Vichochoro vyake havina gari, mawe yake huteleza, na nyumba za kale zina ngazi za mbao zinazopanda wimawima, kwa hiyo hapo pia chumba cha mama kiwe cha chini. Tembeeni asubuhi na mapema au baada ya alasiri. Kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, mwanao wa miaka 11 anaweza kulielewa na anastahili kulielewa, lakini aelezwe na wewe kabla ya kuingia, maana vyumba vya chini vinavyoonyeshwa pale vinagusa moyo na mdogo wake anaweza kubaki nje na bibi. Jioni nendeni Forodhani. Ulizeni bei kabla ya kuonja, chagueni kinachochomwa mbele yenu badala ya kilichopangwa mezani tangu magharibi, na kwa watoto anzeni na urojo na mishkaki. Mama aangalie chumvi.

Kwa matembezi ya mbali kidogo ningechagua msitu wa Jozani, ambao uko njiani mnapoelekea Paje, kwa hiyo safari moja inatosha kwa yote mawili. Pale mtawaona kima punju, ambao kwa asili hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar, nao wamezoea watu kiasi kwamba bibi atawaona bila kutembea mbali. Pana pia njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Kisiwa cha Changuu na kobe wake wakubwa waliotoka Shelisheli ni safari fupi ya mashua, lakini wakati wa kusi mashua hizo huyumba, hivyo mama abaki mjini akipenda. Mtaletewa pia ofa ya kwenda kuogelea na pomboo Kizimkazi. Mimi huwashauri watu waiache: mashua nyingi huwafukuzia wanyama wale kwa wakati mmoja, watoto hurushwa majini katikati ya injini zinazonguruma, na hakuna anayepumzika pale, binadamu wala pomboo.

Upande wa fedha, gaweni akiba yenu mapema katika bahasha tatu. Ya kwanza ni nauli zote za kwenda na kurudi, ikiwa pamoja na gari za Kendwa na Mji Mkongwe. Ya pili ni malazi na tozo zake. Ya tatu ni chakula na matembezi, na hiyo ndiyo inayovuja, hasa Kendwa na Nungwi, ambako migahawa ya ufukweni inatoza bei za kitalii. Chukueni chumba chenye kifungua kinywa, leni vizuri asubuhi, mchana nunueni chakula kwa mama lishe wa kijijini, ambako wali wa nazi na samaki wa kupaka mtavipata kwa bei ya kibinadamu, na mkahawa wa ufukweni uwe wa siku moja mliyoichagua. Nauli ya kurudi ya watu wote watano, pamoja na gharama ya kulala usiku mmoja wa dharura kama boti zitazuiwa, ikae kwenye simu ya mume wako na isiguswe hadi mshuke Dar. Tiketi za treni ya kurudi Dodoma zinunueni mapema kama zile za kuja, za siku inayofuata ile ya kuvuka, kwa kuwa mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai wanafunzi hurejea shuleni na mabehewa hujaa.